Ugoro wa Fisi

Wanaoiona mizinga yangu msituni hudhani nimerithi. Sikurithi hata mmoja. Shule nilikaa mwaka mmoja tu, lakini nyuki nawajua kuliko waliomaliza madarasa yote, na silisemi hilo kwa kunong'ona.

Wakati wa Mwingereza, bwana msitu alikuja huku kwetu Manyoni akapiga marufuku mienge. Sisi warina asali tulipanda mtini na mwenge wa magome, na cheche zikidondoka kiangazi, nyasi zinashika moto. Akasema atakayeonekana tena na mwenge, mizinga yake yote itashushwa. Wenzangu wakaanza kuishusha wenyewe, mjomba wangu akiwa wa kwanza. Mimi nikasema yangu haishuki.

Nilikumbuka jambo la machungani. Mvua zikinyesha huota uyoga wa mviringo kama yai, hauna mwavuli. Ukiwa mweupe ni mboga. Ukiachwa, unaiva ndani kwa ndani, ngozi imefunga, mpaka unakuwa mfuko wa vumbi la kahawia. Kwetu tuliuita ugoro wa fisi. Niliwahi kuutupa motoni, nyigu waliokuwa karibu wakalegea.

Basi nilikuwa na ule mweupe, niliouchuma na kuukausha juujuu tu jikoni. Nikautia kwenye chungu chenye kifuniko na tundu, na kaa la moto chini, nikampeleka mjomba ashuhudie. Ukachemka, ukatoa mvuke, ukazima. Nyuki wakanishusha mbio.

"Mpwa wangu," mjomba akasema akicheka hadi machozi, "umekuja kuwapikia nyuki mboga?"

"Cheka, mjomba. Kosa nimeliona. Huu sikuuacha uive."

Nikazunguka malishoni nikaokota uliokauka wenyewe ardhini, unaotoa vumbi ukiubonyeza. Kisha nikamwita bwana msitu mwenyewe, mchana kweupe, watu wote wakitazama. Nikapanda na chungu changu, nikapuliza moshi mzingani. Kelele za mzinga zikapungua, zikakoma. Nikatoa masega kwa mikono mitupu, nikashuka.

Bwana msitu alizunguka mti akitafuta cheche, hakupata. Akaona nyuki wamelala chini. "Umewaua!"

"Subiri, bwana."

Tukasubiri. Mmoja akajitikisa, kisha wengine, wakarudi juu.

"Dawa gani hii?"

"Uyoga. Unaukanyaga kila siku na buti zako."

Mjomba alinifinya mkono ninyamaze. Sikunyamaza. "Mwenge sina. Mizinga yangu inabaki au haibaki?"

Bwana msitu akajibu: "Inabaki. Kwa chungu tu."

Siku chache baadaye mjomba alikuja kwangu. Nikamwamkia shikamoo, naye badala ya kuitikia akaniuliza ugoro unaokotwa wapi, maana mizinga yake ilikuwa imelala nyuma ya nyumba. Nilimwonyesha. Akaipandisha. Lakini siku ya kuirina ilipofika, aliyekuwa juu mtini ni mimi. Yeye, mrina mkubwa wa ukoo, alikuwa chini ananipitishia chungu.