Siriyoja, Mchongaji Aliyeshuka Shimoni

Alizaliwa Siriyoja katika kijiji cha Haluvadi, nchi ya Wakannada kusini mwa India, mwaka wa elfu moja mia moja na arobaini kwa hesabu ya Shaka, kalenda ya kale ya Wahindi. Ulikuwa mwaka wa njaa, na mama yake alifariki akijifungua. Baba yake Maloja, mchongaji wa mahekalu, alimlea katikati ya vumbi la mawe. Katika ujana wake Siriyoja alimchonga Narasimha, mungu nusu mtu nusu simba, akimrarua tumbo mfalme dhalimu. Walioiona sanamu hiyo walijishika matumbo yao. Tangu hapo aliishi kwa uji wa ulezi na sala, akisema mikono inayomgusa Mungu haina budi kuwa safi.

Uzeeni aliitwa na mtawala Kaleya Nayaka kuchonga mlango wa hekalu la mungu Shiva. Akachonga juu yake makara wawili, wale wanyama wa majini wenye mkonga wa tembo na mkia wa tausi. Lakini ukuta ulianguka, ukajengwa, ukaanguka tena na kuwaua wachukuzi. Ndipo Kaleya, akisema jiwe lina njaa ya mtu, akaamuru mtu azikwe hai chini ya kizingiti. Akakamatwa Honni, binti wa dobi mjane.

Mama yule alimwangukia Siriyoja miguuni. “Kaka yangu, mlango huu si kazi yako? Sema na mtawala basi!”

Akaenda kusema. Kaleya akamcheka mbele ya watu. “We mzee, shughulika na mawe yako. Au unamtaka huyu binti uchumba?”

“Bwana, kama jiwe lina njaa, lianze na mimi niliyelichonga. Mtoto mwache arudi kwa mama yake.”

Hakuwa jasiri wa kuzaliwa. Aliomba maji, akashindwa kuyameza. Kisha Honni akaachiliwa, naye Siriyoja akashuka shimoni. Walipomfunika, sauti yake ilisikika ikilitaja jina la Shiva, ikafifia, ikakoma.

Masika yaliyofuata ukuta ulianguka tena. Kaleya alidai mtu mwingine, lakini wachongaji wote waliweka patasi chini wakaondoka, na shimo halikuchimbwa tena. Mlango umebaki peke yake uwandani. Wenye watoto wagonjwa husema vinywa vya makara huwa na unyevu hata wakati wa ukame, nao huwapaka watoto wao unyevu huo kwenye paji la uso.

Nasi tunaomheshimu Siriyoja tusiulize kwanza kama ukuta utasimama. Tumtazame aliye ukingoni mwa shimo, tumshike mkono, tumrudishe kwa mama yake.