Mtihani wangu kwenye foleni ya mchele

Leo mjukuu wangu kanipigia analia. Ana mtihani kesho, kichwani hamna kitu.

Nikamsimulia wangu, Unguja, mwanzoni mwa miaka ya sabini.

Foleni ya mchele ilikuwa ndefu. Wengine waliacha vikapu viwashikie nafasi. Mimi niliacha daftari la jiografia, nikenda kucheza mpira.

Narudi, jirani yetu Bi Zuhura analisoma kwa sauti!

"Haya, Mto Kongo unamwaga maji bahari gani?"

"Ya Hindi, Bi."

Foleni nzima: "Nyuma!"

Kila kosa, nafasi moja nyuma. Msinicheke.

Nilipoijua mito yote, mchele umekwisha.

Mtihani nilifaulu. Ila siku ile ya foleni nyumbani tulikula muhogo mkavu, mama kaninunia.

Mjukuu kacheka, kisha nikamsikia akiita:

"Mama, njoo uniulize! Ila wali wangu pakua kwanza."