Wifi Yangu Aliyeomba Radhi Kabla ya Mechi

Wifi yangu alipokuja mjini kukaa nasi mtaa wa Miyuji, alikuja na begi moja, karanga alizofungashiwa na mama yake, na mkono ambao sijapata kuuona kwa mfungaji mwingine yeyote wa netiboli. Mdogo huyu wa mume wangu alikuwa anafunga akiwa karibu, akiwa mbali, hata akiwa amebanwa. Mpira ukimfikia, kazi imekwisha. Tatizo lilikuwa hapo kwenye kumfikia.

Maana alikuwa hauiti mpira. Netiboli ni mchezo wa kelele. Usipopaza sauti ukasema uko wapi, mwenye mpira anampa anayesema. Wifi alikuwa anajitenga vizuri, anabaki peke yake karibu na goli, halafu ananyamaza kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Mimi nilikuwa mlinzi wa timu yetu ya mtaa, enzi hizo magoti yangu bado yananisikiliza, na kutoka upande wa pili wa uwanja nilikuwa nampigia kelele aite mpira mpaka koo linanikauka. Yeye ananipungia mkono kwa adabu.

Siku moja tulicheza na kina mama wa kwaya ya jirani. Aliyepangwa kumkaba wifi alikuwa mtu mzima, mweka hazina wa kwaya, mwenye wajukuu. Mpira ukarushwa juu, wote wawili wakaufuata, na wifi, aliyekuwa na urefu wa kuuchukua bila hata kuruka, akasimama, akainamisha kichwa na kusema, "Shikamoo mama." Mama akaitikia marahaba, akadaka mpira, akampa mwenzake. Refa alishindwa kupuliza filimbi kwa kicheko. Nilicheka na mimi, lakini nilifika nyumbani nimenuna, kwa sababu tulifungwa, na mimi sipendi kufungwa hata na kwaya.

Ukimjua baba mkwe wangu utamwelewa binti yake. Mzee ni mkulima wa mtama na uwele, mpole, hajawahi kusema neno kubwa juu ya kitu chake. Ukimuuliza shamba linaendeleaje, hata mwaka ambao masuke yameinama kwa uzito, anakujibu, "Tutaona." Kwetu Ugogoni mvua inaweza kukugeuka wakati wowote, basi watu wamejizoesha kutotangaza. Mtoto aliyelelewa hivyo, na akafundishwa kumpisha mkubwa njiani, mlangoni na bombani, unamwambiaje ampite mama wa watu huku akitangaza kwamba yeye ndiye apewe mpira?

Lakini ilibidi, kwa sababu timu moja ya taasisi ilikuwa inatafuta mfungaji. Timu za namna hiyo zikikuchukua zinakupa na ajira. Asubuhi unafanya kazi, jioni unacheza. Wifi alikuwa amemaliza kidato cha nne bila alama za kumpeleka mbele, na walikuwa wamekubaliana na baba yake kwamba msimu wa kulima ukianza hajapata kitu mjini, atarudi kijijini kushika jembe. Hakulichukia jembe. Alitaka netiboli. Aliniambia mara moja tu, tukipepeta mtama uani, kwa sauti ndogo ya kwake: "Wifi, mimi nikicheza ndiyo najiona nipo."

Majaribio yalifanyika Chimwaga, kwenye viwanja vya chuo. Kocha alikuwa mama mfupi, mkavu, ambaye enzi zake alichezea timu kubwa na hakuwa na muda wa kubembeleza mtu. Wifi alipata mpira mara chache sana, na kila alipoupata alifunga. Mwisho kocha akamuuliza anacheza nafasi gani.

"Popote mtakaponipanga, mama," wifi akajibu.

Kijijini kwao hilo ni jibu la binti aliyelelewa. Kocha alimtazama kidogo, akahamia kwa mwingine. Mimi pale pembeni nilitamani niingie nimjibie. Baadaye kocha akatangaza kwamba bado hajampata mfungaji, majaribio yatarudiwa mwezi unaofuata, na anayejua anachokitaka arudi.

Nikasema huyu dawa yake ni Majengo. Nauza nafaka pale sokoni, na pale ukinyamaza unarudi na magunia yako nyumbani. Nikamsimamisha mbele ya meza, nikamwambia anifuatishe: mtama mweupe, uwele safi, karibu mama, karibu baba, kuangalia bure. Alifuatisha. Alifuatisha vizuri mno, mpaka wauza nyanya wakadhani ni mimi. Nikajisifu kwa kila aliyenisikiliza kwamba nimemponya. Jumamosi uwanjani akapata nafasi nzuri, akafungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa, "Karibu mama, karibu!" Mwenye mpira akabaki anamkodolea macho.

Jioni ile nilimsema sana. Nilimwambia wenzake wanaililia nafasi kama hiyo, na kwamba kama hajiamini aseme tu, tusisumbuane. Wifi alikuwa anachambua mchicha. Akauweka chini.

"Wifi, ile sauti ni yako," akasema. "Nikiitumia najiona nimevaa gauni lako, linanipwaya. Mimi najiamini. Hata nikilala najua kwamba naweza. Ninachoogopa ni kumvunjia heshima mtu mzima."

Mume wangu, aliyekuwa anasikiliza, alifurahi waziwazi kuona nimepatikana. Muda wote huo nilidhani hana imani na nafsi yake, kumbe anayo ya kutosha na kugawia wengine. Alichokosa ni namna ya kuisema bila kuacha kuwa binti wa baba yake. Nikamuuliza, kwa upole safari hii, kwao wanafanyaje mtu akiwa amebeba ndoo kichwani na njia inapita mbele ya wazee waliokaa. Akasema unaomba njia kwanza. Wakishakujibu unapita, tena unapita wima maana maji yatamwagika, na hakuna anayekusema. Alipomaliza kusema hivyo akanitazama, nami nikamtazama. Akachukua mchicha wake akaingia jikoni, na kwa muda mrefu nilimsikia akipanga maneno peke yake, akiyarudia, akiyabadilisha.

Siku ya marudio upepo wa Chimwaga ulikuwa unatupa vumbi machoni. Kabla filimbi haijapulizwa, wifi akatoka kwenye mstari, akaenda pale waliposimama wachezaji wakongwe wa timu ile, waliokuwa wanatumika kuwapima wageni. Wengi walikuwa wakubwa wake kwa mbali. Hakupiga kelele, lakini nilimsikia hadi nilipokaa.

"Shikamooni mama zangu na dada zangu. Mimi ni mfungaji. Nikiingia humo ndani nitaita mpira, na atakayenikaba nitampita. Naombeni radhi sasa hivi, maana tukishaanza sitapata nafasi."

Mlinzi wao, mwanamke mpana mwenye sura ya kazi, akamwangalia kuanzia kwenye raba hadi kwenye nywele.

"Marahaba," akasema. "Utanipitia wapi?"

"Kushoto kwako, mama."

Wakaangua kicheko, hata kocha aligeuza uso ili asionekane. Yule mlinzi akasema haya, amekwisha kusamehe, aje.

Mpira wa kwanza wifi aliuita kwa sauti yake mwenyewe, nyembamba, safi, isiyo na soko ndani yake. Akapewa. Akatupa, mpira ukagonga chuma ukatoka nje. Mlinzi akacheka kwa nguvu. Mimi nilimjua wifi. Niliona tayari amerudi kwenye ukimya wake na tayari yuko kwenye basi la kijijini. Nilishika kichwa. Mpira uliporudi katikati nikasikia sauti ileile inaita, wala haikupungua. Akapewa mahali pabaya, akauachia kwa mwenzake, akamwendea mlinzi upande wa kushoto kama alivyoahidi. Mlinzi alijua, sisi sote tulijua, na bado alipitwa. Wifi akarudishiwa mpira akafunga. Kuanzia hapo kila mwenye mpira alikuwa anamtafuta yeye kwanza, na mimi nilikuwa napiga kelele mpaka mwanafunzi mmoja aliyekaa karibu akahama.

Kocha alipowapanga na kuuliza nafasi zao, wifi alisema, "Mfungaji, mama," akanyamaza. Baada yake alikuwa msichana mwembamba ambaye safari ya kwanza naye alijibu, "Popote." Nilimwona akimtazama wifi, akivuta pumzi. Akasema yeye ni mlinzi, na kwamba anaomba aongezewe muda kidogo, kwa sababu leo alicheza kwa woga na huo si uchezaji wake. Kocha akarusha mpira kiwanjani akamwambia aingie. Sikujua mwisho wake, lakini aliingia anakimbia.

Jua lilipopungua kocha akamwita wifi pembeni, akamwambia Jumatatu alete vyeti na picha. Alisema hivyo kana kwamba anamwagiza chumvi. Wifi akashukuru, akanijia akiwa na vumbi hadi kwenye nyusi, na nikampa simu yangu ampigie baba yake palepale.

Alianza na salamu zetu zile ndefu, mbuzi, mama, mguu wa bibi, hali ya majirani, mpaka nikataka kumnyang'anya simu. Kisha akasema taratibu, "Baba, wamenichukua. Nilikuwa bora kuliko wote waliokuja."

Nilishtuka. Sidhani kama mtoto yeyote wa mzee yule amewahi kumwambia neno la namna hiyo. Wifi akaigandamiza simu sikioni kwa mikono miwili. Uwanja mzima haukumtisha, lakini hapo aliogopa.

Simu yangu ina sauti kubwa, kwa hiyo nilimsikia mzee vizuri alipojibu.

"Subiri kidogo. Mama yako yuko huku na watu wengine, ngoja niweke spika." Tukasikia anahangaika na simu, anauliza mtu kibonyezo kiko wapi. "Haya. Sema tena."

Wifi akajifuta macho kwa kiwiko, akasimama wima, akasema tena.