Jirani Anayefunga Kona

Nyinyi wasikilizaji wangu munamujua: ni yule mwalimu wa hesabu aliyepanga nyumba inayofuata yangu, hapa Kashebere. Kwenye kidole gumba chake hakukosi utando mukavu wa uji wa muhogo, njo gundi yake. Anakata makartoni ya sabuni kuwa pembetatu, miraba na vipande vya pembe tano, pande zote sawa, halafu anavifunga vipande kimoja kwa kingine mpaka lipatikane umbo lililotuna kila upande. Kona ikizama ndani hagombani nayo. Anatia mudomo kwenye tundu dogo alilobakiza, anapuliza polepole mpaka itoke.

Zamani jioni ilikuwa yangu na hadithi zangu. Jana nilifika pale chui anapotaka kumujibu mwindaji, watu wakahamia kwake na viti vyao. Hata muke wangu, Annonciata.

“Unaenda wapi?”

“Ngoja kwanza, Papa. Chui yako haitakimbia.”

Nikamufuata. Mwalimu alikuwa ameunganisha pembetatu tano kwenye ncha moja, zikainuka kama paa.

“Na tukiongeza ya sita?” mutu akauliza.

“Yote italala chini sawa mukeka,” akajibu kwa ile sauti yake ndogo, inayofanya watu wasogeze vichwa.

Kisha akachukua kipande cha pembe tano, afunge chini. Wote wakainamia mikono yake. Chui wangu hajawahi kupewa kimya kama kile. Nikakohoa, ili nirudishe hadithi. Annonciata akaniziba kinywa kwa mukono, bila kuniangalia.