Uzio Kwenye Jiwe la Simu

Kabla hawajatuletea puto lao, tulikuwa na jiwe. Lipo juu kidogo ya mashamba ya alizeti, kubwa kuliko nyumba, na ndipo mahali pekee kijijini kwetu ambapo simu ilishika. Lilikuwa na adabu yake. Mwenye mgonjwa au msiba hapangi foleni. Anayesubiri hukaa upande wa pili asisikie ya mwenzake, na ukimkuta mkubwa anaongea, shikamoo yako inasubiri mpaka amalize. Mama alikuwa na pahali pake, kibonde kidogo kwenye ukingo. Hata waliogombana naye mipaka ya mashamba hawakuwahi kumkalia pale.

Mwaka jana Mama alilazwa hospitali mjini Singida kwa kidonda cha mguu, sukari ikiwa imempanda. Mdogo wangu wa kike alikwenda kumuuguza, mimi nikabaki na watoto na mbuzi. Kila alasiri, saa ya kuona wagonjwa, nilipanda jiwe nikampigia. Siku moja akaniambia kwa Kinyaturu, kwa sauti yake ya kawaida kabisa, kwamba daktari anataka kumkata vidole viwili.

"Nimemwambia hakuna kisu mpaka nijue kaka zangu wanasemaje. Wewe ndiye mkubwa. Waulize wajomba zako, kisha uniambie kwa mdomo wako. Sitaki kuletewa maneno na mtu mwingine."

Mama ndivyo alivyo. Nilikwenda kwa wajomba, nikalala huko, wakakaa, wakakubali. Niliporudi na jibu mdomoni, nilikuta jiwe limezungushiwa uzio wa waya.

Si kwamba hatukuujua mradi. Kwenye mkutano wa kijiji wataalamu walitueleza vizuri, na mimi nilipiga makofi kama wengine. Puto kubwa litafungwa kwa kamba na kupandishwa juu. Litapokea mawasiliano kutoka setilaiti, litayashusha kwa mwali wa mwanga usioonekana hadi kwenye kisanduku juu ya jiwe, na kisanduku hicho kitayarusha kwa mwali mwingine hadi kwenye paa la shule. Kutoka hapo kila mtu atapata mtandao akiwa nyumbani kwake. Ambacho hawakukisema ni kwamba mtu akisimama juu ya jiwe anauziba ule mwanga. Basi jiwe likafungwa.

Mlinzi waliyemweka alikuwa mume wa binamu yangu. "Shemeji, nielewe, hii ni kazi," alisema. Nikamwambia sitakawia, mama yuko hospitali. Akasema akionekana mtu kule juu, yeye ndiye atakayefukuzwa. Mtu huyu mtoto wake wa kwanza alilelewa na Mama.

Nikasema sawa, nitatumia hilo puto. Upepo ukaanza. Ni upepo wetu wa kila kiangazi, unaoezua mabati na kutia vumbi hata kwenye chungu kilichofunikwa, na hakuna mtu Singida asiyeujua. Puto likashushwa, likalazwa uwanjani na kubanwa kwa magunia ya mchanga. Nilimfuata mtaalamu, kijana mpole mwenye miwani ya jua, nikamwomba basi anifungulie jiwe kwa kuwa puto lenyewe limelala.

"Vuta subira, mama. Vifaa vimeshapimwa, vikiguswa tunaanza upya."

Nilitamani kumzaba kofi. Nilikodi bodaboda hadi Mkiwa ambako simu inashika, tairi likapasuka njiani, nikafika saa ya kuona wagonjwa imepita na mdogo wangu amezima simu kutunza chaji. Ningeweza kuacha ujumbe, lakini Mama alishasema hataki kuletewa maneno. Nikarudi, maana watoto walikuwa peke yao.

Upepo ulipotulia baada ya siku kadhaa, puto likapanda na wageni wakaja na magari yao. Shuleni kulikuwa na maturubai, ngoma na pilau, na mgeni rasmi akiongea na wakubwa wa Dodoma kwenye skrini. Nilimwonyesha yule mtaalamu simu yangu. Akaigeuzageuza mkononi.

"Hii ya batani haiwezi, mama. Na hata ingeweza, leo mtandao wote ni wa wageni."

Nilikwenda moja kwa moja hadi kwenye jiwe. Mlinzi alikuwa kwenye pilau. Nilikunja kanga, nikauruka uzio, waya ukanichana paja. Nikasimama pahali pa Mama, mbele kabisa ya kile kisanduku, nikapiga.

"Wajomba zako wamesemaje?"

"Wamekubali, Mama. Vidole wakate."

Nilimsikia mdogo wangu analia karibu naye.

"Vidole vilikuwa vya siku ile," Mama alisema. "Sasa wanasema ni chini ya goti. Mbona ulikaa kimya, mwanangu?"

Wajomba walikuwa wamekubali vidole tu, si mguu. Nikamwambia akubali, nikaubeba uamuzi huo mwenyewe.

Mtaalamu alikuja mbio, jasho linamtoka. "Mama, shuka! Unaziba mwanga! Mgeni rasmi amekatika!"

Nilimwambia anyamaze, naongea na mama yangu. Nilipomaliza nikakaa palepale, nikaitandaza kanga yangu mbele ya kisanduku chao mpaka walipokuja kunishusha. Nilisikia baadaye wakisema kulitokea hitilafu. Haikuwa hitilafu, nilifanya makusudi.

Sherehe ilipokwisha walifungasha, puto waliondoka nalo, uzio wakauacha. Tuliung'oa wenyewe. Mama alirudi nyumbani na magongo, na jiwe halipandi tena. Akitaka kuongea na dada yake aliyeko Itigi, anajikokota hadi chini ya jiwe, anakaa, ananipa maneno yake, nami napanda kuyasema. Kisha nashuka kumletea majibu, yeye ambaye hakutaka kuletewa maneno na mtu.