Shikamoo ya Daktari

Sabiri wa Ng'ambo ameshona kofia za mkono miaka arobaini, na Tabora nzima inalijua tobo lake la nakshi: dogo, la duara, halina uzi unaochungulia. Kwa mtu kama huyo, macho ndiyo jembe. Sasa asubuhi moja aliamka, akafikicha jicho la kulia, dunia ikakatika nusu. La kushoto liliona dari tu. Chini yote giza, na wala haliumi.

Mkewe, Mwanajuma, akampeleka hospitali. Daktari Recheli, rika la kitinda mimba wao, akainama kidogo. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Hapo ndipo alipojifunga mwenyewe. Maana swali lililofuata lilikuwa, "Unatumia dawa gani?" na ukishaitikia marahaba, utamwambiaje mwanao kwamba unameza vidonge vya nguvu za kiume, tena vya kununua bila cheti cha daktari?

"Za presha tu," akasema, akitazama viatu vyake.

Mwanajuma akafungua pindo la kanga, akaweka mezani karatasi ya vidonge, vinne vimeshaliwa. "Na hivi, daktari. Mficha uchi hazai, na huyu nimezaa naye sita."

Sabiri alitamani ardhi immeze. Daktari hakucheka, Mungu ambariki. Alisema hawezi kuapa kuwa ni vidonge, presha nayo ina mkono wake; ila wapo waliovimeza wakapotewa na nuru ghafla namna hii. Nuru iliyokwenda huenda isirudi. Asiviguse tena, kwani jicho la pili nalo laweza kufuata.

Waliporudi, wakakaa barazani.

"Ulijua tangu lini, Mama Nasri?"

"Tangu mwezi wa maulidi. Nilingoja uniambie. Kosa langu nalo, ningesema mapema."

"Niliogopa utanichoka."

"Baba Nasri, miaka thelathini na minne hukuniuliza hata siku moja ninachotaka."

"Unataka nini?"

"Unione," akasema. "Nikivaa kanga mpya, unione. Basi."

Machozi yakamtoka Sabiri macho yote mawili, zima na bovu. Akainuka, akakichukua kigoda cha mkewe kilichokaa kushoto kwake miaka yote hiyo, akakihamishia kulia.

"Kaa huku," akamwambia.

Mwanajuma akakaa, akachukua sindano ya kofia, akamtungia uzi.