Kesi Juu ya Jukwaa la Tenki

Siku ya kesi, buda, yaani baba yangu, alivaa koti la harusi na gambuti. Juu bwana arusi, chini mkama ng'ombe. Nilimwambia atulie, kamera haifiki miguuni. Hakucheka. Hapo nikajua mambo ni mabaya, maana baba hucheka hata utani wangu uliooza.

Alikuwa amemshtaki mdosi wake, mwenye shamba la ng'ombe wa maziwa hapa Dundori. Mkataba ulisema kazi ya miaka miwili, na nyumba ya kukaa. Hata mwaka haujaisha, huyo mzee mwenye shamba akamfuta kazi kwa mdomo, zizini, ng'ombe akiwa nusu kukamwa. Kortini akageuka: eti hakumfuta mtu, baba alitoroka kazi. Jaji wa Nakuru alikuwa ameagiza tusitolewe nyumbani hadi kesi iishe. Tukishindwa, ni magodoro kichwani.

Siku hizi kesi nyingine husikizwa kwa video ya simu. Shida ni kwamba shamba zima netiwaki hushika mahali pamoja: juu ya jukwaa la tenki la maji, nyuma ya nyumba ya mzee. Tukapanda, mimi nikiwa fundi mitambo. Kesi yetu ikikaribia kuitwa, nikasikia ngazi inalia. Kofia ikatokeza, kisha mzee mwenyewe, simu mkononi. Kumbe hata kwake hakuna netiwaki.

"Songa," akasema.

"Sawa mzee," baba akajibu, akasonga.

Tangu tuje shamba hili sijawahi kumsikia baba akimjibu huyo mtu kitu kingine. Mzee akisema mvua ni jua, sawa mzee. Sasa akiulizwa swali lenyewe hapa, wakiwa wamekaribiana goti kwa goti?

Baba akaapa. Sauti yake ikaingia kwa simu yetu na kutokea kwa ya mzee. Jaji akauliza huo mwangwi unatoka wapi. Sote tukainamisha vichwa, kama wezi wa mahindi.

"Ulitoroka kazi," wakili wa mzee akasema. "Ndiyo ama hapana?"

Baba akamtazama mzee. Mzee akamtazama baba vile mtu hutazama ng'ombe anayekataa kuingia zizini. Nilitaka kumfinya baba, lakini sikujua kama shahidi hufinywa.

"Hapana," akasema, kwa sauti ndogo sana. Kisha akaongeza, "Alinifuta. Na ningetoroka niende wapi, mheshimiwa? Si huyu hapa, tumekaa naye."

Akageuza simu. Mzee akajikuta kortini mara mbili, kwa simu yake na kwa yetu.

"Mko pamoja?" jaji akauliza.

"Netiwaki iko hapa tu, mheshimiwa!" nikadakia. Nikaambiwa ninyamaze.

Hukumu ikapangiwa siku nyingine. Skrini zikazimika, jaji akaenda na korti yake yote, tukabaki watatu huko juu, na ngazi iko upande wa mzee.

"Kumbe uko na mdomo," akamwambia baba.

Safari hii hapakuwa na 'sawa mzee'. Baba akanishika mkono. Tukasimama hapo, tukingoja mzee atupishe.